Puli ya alumini au ya kasti (chuma cha kumimina) kwenye mashine ya kusaga? Ya tatu hii inakufa

MwenyeMashine_Pongwe

Wakuu habari za jioni. Niko Pongwe, Tanga, njia hii ya kwenda Muheza, nina mashine ya kusaga ya nyundo, mota fezi tatu hosipawa 20, mizunguko 1450 kwa dakika. Kwenye mota kuna puli ya inchi 10, kwenye mashine kuna ya inchi 5, mikanda mitatu ya V. Shida yangu ni hiyo puli kubwa ya mota.

Tokea mwaka jana nimeshabadilisha mbili na hii ya tatu nayo imeanza. Zote za alumini, hizi zinazosubiwa, yani kuyeyushwa na kumiminwa, hapahapa mjini kwa skrepa. Ya kwanza njia ya kii (kile kipande cha chuma kinachoshikisha puli kwenye shafti) ilikula ikawa pana, kii ikawa inacheza, tukachomeka kipande cha bati ili ibane, ikaenda kama wiki mbili alafu ikapasuka, ufa ulianzia palepale kwenye kona ya njia ya kii ukatokea nje. Ya pili haikupasuka ila mifereji ya mikanda ilikula ikawa kama imechimbwa, mikanda inateleza, chumba kizima kinanuka mpira. Hii ya sasa ina miezi minne tu inatetemesha, ukiweka mkono kwenye stendi ya mota unaisikia mpaka kwenye kiwiko.

Kuna duka mjini wana puli ya kasti, nzito kweli, bei karibu mara mbili na nusu ya hizi. Muuzaji anasema nikifunga hiyo nasahau. Fundi wangu wa umeme anasema usithubutu, itakula beringi za mota na mota itaumia kila ukiwasha, alumini ndo ya kisasa, kwani magari ya siku hizi injini si zote alumini, wameacha chuma kwa nini? Hapo nimekwama kabisa. Akina mama wanakuja na ndoo za mahindi kichwani wanakuta nimefunga, wanarudi nazo, inaniuma maana hii mashine ndo inasomesha wanangu. Nataka safari hii nielewe kwanza ndo nitoe hela. Anayejua aniambie ukweli.

---

Mkerezaji_Ngamiani

Pole sana mkuu. Mimi ni mkerezaji, niko Ngamiani, lethi (mashine ya kukereza) nimeishika mwaka wa 22 huu, ntakwambia ninachokiona kwenye kisu. Alumini ya skrepa ukiifunga kwenye lethi inatoka nyuzi ndefu laini na saa nyingine inanata kwenye ncha ya kisu mpaka uipake mafuta ya taa. Kasti haitoi nyuzi, inatoka unga na vipunje vyeusi, jioni mikono yote masizi. Ule weusi ni grafaiti, ileile ya penseli, ndani ya kasti ya kijivu imekaa kama maganda madogomadogo yametawanyika. Ndo maana ukiigonga mlio wake mfu, dup, wakati chuma cha kawaida kinalia ngaa na kuendelea kulia. Ule mlio mfu ndo unachokitafuta wewe, maana yake mtetemo unamezwa humohumo ndani. Kitanda cha lethi yangu ni kasti na sijawahi kuona lethi ya kazi nzito ambayo kitanda chake ni alumini.

Sasa kwenye puli. Mkanda wa V haukai chini ya mfereji, unabana kwa mbavu zake. Chungulia chini ya mfereji, ukikuta panang'aa ujue mkanda umeshafika chini na hapo haubani tena, unateleza, unaungua, unazidi kuula mfereji. Kwenye alumini laini hilo linakuja haraka kwa sababu vumbi la mashine ya kusaga sio unga peke yake, mahindi yameanikwa chini, yana mchanga, na mchanga kwenye alumini ni msasa. Kasti nayo inaliwa, nisikudanganye, ila inachukua miaka.

Na ile kuweka bati kwenye kii usirudie tena ndugu yangu. Kii ikipata nafasi, kila ukiwasha inapiga ukuta wa njia yake kama nyundo, na kona ikiwa kali ufa unaanzia hapo.

---

Kigoda_cha_Mbuzi

Kasti. Marehemu baba alifunga puli ya kasti kwenye mashine yetu ya kukoboa kule Ngomeni mimi niko darasa la tano, leo nina watoto wawili na ile puli iko palepale. Mikanda tumebadilisha sijui mara ngapi.

---

Mwl_Karakana

Nafundisha ufundi mitambo, naomba nichangie kwa namba kidogo maana hapa watu wanasema "imara" bila kusema imara kwa nini na wapi.

Fundi wako wa umeme hajakosea kote. Ni kweli alumini ni nyepesi, kipande cha ujazo wa lita moja ni kama kilo 2.7, cha kasti kama kilo 7.2. Kwahiyo puli ya alumini ikiwa kilo 4 ile ya kasti ya umbo hilohilo itakaribia kilo 11. Lakini tuone hizo kilo 7 zinamfanya nini beringi. Hosipawa 20 ni kama kilowati 15. Puli ya inchi 10 kwa mizunguko 1450, ukingo wake unakwenda mita 19 kwa sekunde na ushee. Gawanya, mvuto wa mkanda unaofanya kazi ni kama niutoni 780, na kwa vile mkanda lazima ukazwe pande zote mbili, shafti inavutwa pembeni kwa 1200 mpaka 1500 hivi. Hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 120 mpaka 150 kwenye shafti ya mota muda wote inapofanya kazi. Sasa umeongeza 7 juu yake. Beringi haiuawi na hizo 7, inauawa na mkanda uliokazwa kupita kiasi na puli inayoyumba.

Na kuwasha: kinachoilemea mota wakati inaanza ni ile rota ya nyundo, sio puli. Rota inazunguka mara mbili ya mota, na kitu kinachozunguka mara mbili mota inakiona uzito wake wa kuzungushwa mara nne. Puli kuongezeka kilo 7 ni kidogo sana mbele ya hapo, tena ukiwa na stata ya nyota-delta (ile inayowasha mota taratibu) hutaona tofauti.

Hili la magari. Kweli bloku na hedi nyingi sasa ni alumini, sababu kubwa mbili, uzito kwa ajili ya mafuta, na joto. Kasti ya kijivu inapitisha joto kama wati 50 kwa mita kwa digrii, alumini za kusubu zinapitisha 100 mpaka 160. Hedi inataka kutoa joto haraka, alumini inashinda wazi. Ila hawajaacha kasti kama anavyodhani. Chukua injini ya 1NZ ambayo imejaa kwenye Toyota IST, bloku ni alumini lakini ndani ya silinda, pale ringi zinaposugua, wameweka slivu (mirija) nyembamba za kasti. Na diski za breki za gari hilohilo ni kasti. Panaposuguliwa wamerudi kwenye kasti wenyewe.

Nipe kipenyo cha shafti ya mota, upana wa kii na urefu wa kitovu cha puli, nikupigie hesabu ya pale panapokula.

---

MwenyeMashine_Pongwe

Mwalimu na mkerezaji Mungu awabariki, nimesoma mara mbili. Nimepima kwa venia (kipimio cha milimita) ya jirani: shafti milimita 42, kii upana 12 kimo 8, kitovu urefu 60. Chini ya mifereji panang'aa kweli kama kioo, mifereji miwili kati ya mitatu. Na ile ya kwanza iliyopasuka nnayo bado, hapo ilipokatika ndani kuna vitundu vitundu kama mkate wa kumimina. Hiyo ni kawaida?

---

Moto_na_Kalibu

Hapana sio kawaida, na hapo ndo nataka niseme maana mimi ndo tunaosubu hizi alumini na naona tunaenda kubebeshwa lawama wote. Kaka hivyo vitundu ni hewa. Alumini ikiwa imeyeyuka inakunywa haidrojeni kutoka kwenye unyevu, skrepa mbichi, mkaa mbichi, kalibu lenye maji, yote hayo yanaingiza, alafu ikiganda inaitema na ile hewa inabaki ndani kama povu. Ndo maana mimi skrepa naikausha juu ya tanuru kwanza, na pia ni usalama, chuma chenye maji ndani ukikitumbukiza kwenye alumini ya moto inalipuka usoni, nimeshashuhudia mwenzangu akiungua.

Kitu cha pili ni kusinyaa. Alumini ikitoka maji kuwa gumu inapungua ujazo kama asilimia 6 hivi, usipoiwekea koo kubwa la kuilisha juu ya kitovu, pale kwenye unene ndo pa mwisho kuganda na panabaki shimo. Kwenye puli pa unene ni wapi? Kitovu. Yani palepale unapochonga njia ya kii. Kasti inasinyaa kidogo sana kwa sababu ile grafaiti ikijitenga inatanuka na kufidia, kwa hilo walibarikiwa.

La tatu ndo kubwa kuliko yote, alumini gani? Watu wanasema alumini kama vile ni kitu kimoja. Sufuria ni karibu alumini tupu, laini. Kopo la soda lina magnesi na rangi, nusu linaungua linageuka takataka. Fremu za madirisha nazo laini kiasi. Ukitaka puli iyeyushie pistoni chakavu, hausingi za giaboksi, hedi za injini, hizo zina silikoni ndani, pistoni nyingi zinakaribia asilimia 12, na shaba kidogo, inamiminika vizuri inajaza kalibu na inakuwa ngumu. Lakini pistoni zinagombaniwa, sufuria zinaokotwa, kwahiyo anayetaka kuuza rahisi anajaza sufuria. Tena wengine hawatoi zile ringi na pini za chuma mapema, chuma kinayeyukia mle kidogo kidogo na alumini yenye chuma kingi inakuwa kama biskuti.

Mtaniuliza kwa nini hatusubu kasti wenyewe. Joto. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, shimo la mkaa na feni unafika. Kasti inataka 1150 mpaka 1200 ndo iyeyuke na kuimimina unataka zaidi ya hapo, bila tanuru la koki (makaa ya mawe yaliyookwa) hufiki.

---

Mwl_Karakana

Ahsante sana Moto na Kalibu, hii wanafunzi wangu wanatakiwa waisome.

Hesabu sasa. Kilowati 15 kwa 1450 ni msokoto wa niutonimita 98. Shafti ya 42 nusu yake ni 21, kwahiyo pale kwenye kii unapata niutoni 4,700, kama kilo 470 zinasukuma ukuta mmoja wa njia ya kii. Ukuta wenyewe ndani ya puli una kimo cha milimita 3.3 tu mara urefu 60, yani milimita 200 za mraba. Hiyo ni megapaskali 24 mashine ikiwa inakwenda taratibu. Wakati wa kuwasha na mashine ikikabwa na mahindi zidisha mara mbili na zaidi, tuseme 50 mpaka 60. Na kii isipokaa vizuri ikagusa theluthi tu ya ukuta, unavuka 150.

Weka pembeni ya metali zenyewe. Alumini karibu tupu, ile ya sufuria, inaanza kubonyea moja kwa moja kwenye 35 hivi. Umeona? Hata ukiifunga vizuri kuwasha tu kunaitosha. Alumini yenye silikoni asilimia 7 na magnesi kidogo isiyopikwa inakaribia 120. Hiyohiyo ukiipika, yani kuipasha kwenye 540, kuizamisha majini, alafu kuioka tena kwenye nyuzi mia na hamsini na kitu kwa masaa, inavuka 160. Huo ujanja wa alumini kujikaza yenyewe ikiachwa ikae baada ya kupozwa ghafla aliugundua Alfred Wilm kule Ujerumani mwaka 1906, bila yeye ndege zisingefika zilipofika. Kwa mafundi wetu wa shimo la mkaa hakuna anayeipika. Na kasti ya kijivu ya kawaida kwenye kukandamizwa inavumilia zaidi ya 600. Kwa hapo kwenye kii hakuna mashindano.

Ila jamani kasti nayo ina udhaifu wake na muuzaji asikwambie utasahau. Kwenye kuvutwa na kupinda ni dhaifu, 150 mpaka 300, mara tatu au nne chini ya kukandamizwa, kwa sababu yale maganda ya grafaiti ni kama nyufa ndogo zilizoshakaa tayari. Haipindi kwanza ikakuonya. Ukiiangusha kwenye sakafu ya saruji puli inaweza kukatika mkono wake, ule unaounganisha kitovu na ukingo. Ikiwezekana uliza kama wana ile grafaiti yake ni vidonge vya duara, hiyo ilipatikana 1943 Marekani, Keith Millis alitia magnesi kwenye kasti na grafaiti ikajikunja kuwa duara, inanyumbuka na haikatiki ovyo. Kwa mashine yako lakini ya kijivu inatosha.

---

Nahodha_Sahare

Mi niko upande wa bahari, naona nyote mnaongelea nchi kavu. Huku kwetu Sahare na kule Deep Sea swali la alumini na kasti linaanza na chumvi kabla ya nguvu. Injini za kufunga nyuma ya boti ni alumini na zinavumilia, sababu alumini inajivika ngozi nyembamba sana ya oksaidi yenyewe, ukiikwaruza inajivika tena. Adui yake ni jirani. Ukiifunga na boliti ya stenlesi au ya shaba alafu maji ya chumvi yakapita katikati, alumini ndo inaliwa, boliti inabaki inang'aa kama mpya. Ndo maana kuna kile kipande cha zinki chini ya injini kinachokubali kuliwa badala yake, na wavuvi wengi kikiisha hawabadilishi, alafu wanashangaa hausingi imetoboka.

Kasti inaliwa kwa namna ya kutisha zaidi kwa sababu huioni. Pampu ya zamani ya maji ya bahari tuliifungua, kwa nje umbo lake lote lipo, hata maandishi yanasomeka, nikaichoma na kisu cha kuparia samaki kisu kikazama. Chuma chote kilikuwa kimeshaondoka na chumvi, imebaki grafaiti imeshikilia umbo. Tangu siku hiyo kasti iliyokaa majini siiamini kwa macho, naigonga na kuikwangua.

Kwa Pongwe ulipo hili halikuhusu sana ila usiweke hiyo puli mpya nje kwenye umande miezi mitatu kabla ya kuifunga, mifereji ikipata kutu inakuwa kama tupa na itamaliza mikanda.

---

Ummu_Makorora

Samahani kaka zangu naingilia, mimi ni mteja tu wa mashine za kusaga. Huwa naona vumbi jeusi ukutani karibu na mikanda, hilo ni alumini? Linaingia kwenye unga? Nina mtoto mdogo namsagia unga wa uji.

---

Mkerezaji_Ngamiani

Dada yangu swali zuri. Lile jeusi ni mpira wa mkanda na metali ya puli vimesagika pamoja. Puli iko nje, unga unasagwa ndani ya nyumba ya mashine na kutoka kwa bomba, havikutani mashine ikiwa imefungwa sawasawa. Lakini puli iwe na kava, kwa sababu hiyo na kwa sababu kubwa zaidi, kanga. Mama akiinama kuchota unga ncha ya kanga ikanaswa na mkanda, mota ya hosipawa 20 haimsubiri. Mwenye mashine kama huna kava tengeneza hata la wavu kesho.

Alafu mkuu kabla hujanunua fanya hivi na hiyo ya sasa, itoe, pitisha bomba laini lililonyooka kwenye tundu, weka bomba juu ya vyuma viwili vilivyolala sawa, izungushe taratibu iache isimame yenyewe. Rudia mara tano. Upande uleule ukirudi chini kila mara, puli haina mizani, kuna shimo upande wa juu au tundu halikuchongwa katikati. Kwa mita 19 kwa sekunde hilo ndo linalotetemesha stendi yako.

Na ukienda dukani kwa ile ya kasti iningʼinize kwa kamba igonge kidogo. Mlio mfu ndio lakini uwe mmoja, ukisikia mkwaruzo kama wa chungu chenye ufa, iache. Wakati wa kuifunga usiipige nyundo, tundu likiwa limebana ipashe moto kitovu kidogo iingie kwa mkono. Kii iingie kwa kusukuma, isicheze hata chembe. Alafu usije ukajaribu kuifunga puli hiyohiyo ya inchi 10 kwenye mota ya 2900, ukingo utakwenda mita 38 kwa sekunde na puli za kasti za kawaida mwisho wake ni kama 33, ikipasuka kwa kasi ile inatoboa ukuta.

---

MwenyeMashine_Pongwe

Nimerudi na majibu. Nimeizungusha kwenye bomba kama ulivyosema, mara tano zote upande uleule chini. Nikaipeleka kwa mchongaji akatoboa na drili upande wa pili, sentimita moja ndani drili ikazama ghafla, kuna shimo naweza kuingiza ncha ya kidole. Nilikaa kimya pale kwa mchongaji dakika nzima. Miezi minne nimefanya kazi na kitu kile na wateja wamesimama mita mbili.

Nimenunua ya kasti. Niliigonga, mlio mmoja. Tundu lilikuwa dogo nikaipeleka Ngamiani ikachongwa 42, kii mpya imeingia kwa kusukumwa. Fundi wangu wa umeme nilimwonyesha hesabu ya kilo 150 na 7, akaipitia mwenyewe kwa kalamu, akasema sawa, alafu yeye ndo akanisaidia kuzinyoosha puli mbili kwa uzi, na akapunguza kukaza mikanda maana tulikuwa tunakaza kama kamba ya kufungia mbuzi. Tumewasha jana asubuhi. Mkono kwenye stendi, kimya. Nimesaga mpaka saa moja usiku, nimegusa beringi za mota ni vuguvugu tu. Kava la wavu lipo, nimelichomelea mwenyewe.

---

Moto_na_Kalibu

Alhamdulillah. Kaka naomba kitu kimoja, zile puli tatu usiziuze kwa kilo. Niletee mimi, nakupa bei ya skrepa ileile ila nataka nizivunje mbele ya vijana wangu wanaojifunza waone lile shimo kwenye kitovu lilivyo na waone tofauti ya alumini ya sufuria na ya pistoni ilivyokatika. Na kama utaniamini, ile ndogo ya inchi 5 kwenye mashine, ikichoka nakusubia ya pistoni tupu, koo kubwa juu ya kitovu, mkerezaji aipime mizani kabla hujatoa shilingi.

---

MwenyeMashine_Pongwe

Nakuletea Jumamosi zote tatu. Ile iliyopasuka nimeifunga pamoja na kii yake na kile kipande cha bati, uwaonyeshe nacho.

---

Mkerezaji_Ngamiani

Jumamosi mkitoka huko pitieni kwangu na mimi nizione. Ya inchi 5 inayo kazi ngumu kuliko hiyo kubwa kwa upande wa mkanda, inaukunja zaidi na mfereji wake unaguswa mara mbili kwa kila mzunguko wa mota. Ichungulie chini ya mifereji leo kabla hujawasha.

---

MwenyeMashine_Pongwe

Nimechungulia sasa hivi kwa tochi ya simu. Mmoja umeanza kung'aa.